Mafuta Kwenye Nyuzi za Zhelyazko

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Mko na Yordanka, na leo sina wimbo wa kuanzia. Fundi mitambo ameniuliza kwa ishara kama aweke kitu, nimemkatalia. Tuanze na habari yenyewe.

Zhelyazko Mandov amefariki dunia. Zhelyazko Mandov, mpiga gitaa la besi, amefariki Jumanne nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Tumemzika juzi. Tangazo lake lenye picha mmeliona kwenye nguzo za umeme, kuanzia sokoni mpaka kituo cha treni.

Wengi mlimwita Zhelyo. Wengi mmecheza harusini kwa besi yake bila hata kumtazama usoni. Ndivyo ilivyo kwa wapiga besi. Mwimbaji anatazamwa, mpiga klarineti anatazamwa, mpiga besi anasimama nyuma karibu na ngoma, na watu wanamkumbuka siku asipokuwepo.

Nawaonya mapema: kipindi cha leo kina uchafu ndani yake. Anayekula, amalize kwanza. Mimi mwenyewe sijala tangu asubuhi, maana nikikumbuka ninayokwenda kuwasimulia, chakula hakishuki.

Zhelyo alizaliwa nyumba ya mchinjaji. Baba yake ndiye aliyekuwa na bucha pale chini ya kanisa. Dada yake, Bi Donka, ambaye bado yuko nasi, amenisimulia utoto wao.

"Nyumba yetu ilinuka mafuta ya kondoo kiangazi na baridi," aliniambia Bi Donka. "Meza ilinata. Kitasa cha mlango kilinata. Baba akikubusu, shavu linabaki na mafuta. Zhelyo alikuwa analia, anajifuta na mkono wa shati. Baba anamwambia, 'We mtoto! Wenzako wanalilia nyama, wewe unalia kwa sababu ipo!'"

Basi huyo ndiye Zhelyo. Mtoto wa mchinjaji aliyechukia mafuta. Besi alijifunza jeshini, na aliporudi, jirani yake Asparuh Tenev akamwingiza kwenye bendi yake ya harusi. Asparuh alipiga klarineti na ndiye aliyekuwa kiongozi. Walikulia mtaa mmoja, nyumba ya tatu kutoka ya mwenzake. Asparuh ni mkubwa kwa Zhelyo kwa miezi michache. Miezi michache tu, wasikilizaji wapendwa. Lishikeni hilo, maana ndilo lililotutesa.

Sasa, vijana wa leo mnaingia dukani mnanunua nyuzi za besi kama mnavyonunua pipi. Wakati ule hazikuwepo. Nasema hazikuwepo. Watu walifunga waya za piano bovu, gitaa likalia kama lango la shamba. Zhelyo alikuwa na bahati moja. Binamu yake alikuwa dereva wa lori, akiendesha mpaka Munich, na safari moja alimletea nyuzi nne mpya, zimekunjwa kwenye bahasha ya karatasi. Nyuzi nne. Ndizo alizopigia harusi zote za wilaya hii, mwaka baada ya mwaka, na hazikuwa na mbadala.

Kwa hiyo ilibidi azitunze. Na azitunze wapi? Kwenye harusi zetu!

Mnazijua harusi zetu. Mwenye sherehe anapita na paja la kondoo mkononi, anamega pande, anakutia wewe mpiga muziki mdomoni huku unapiga. Mikono yako haiwezi kuacha kazi, basi unafungua mdomo. Kukataa ni tusi. Halafu anakuja mwingine, analamba noti, anaitemea mate kabisa, anakubandika nayo kwenye paji la uso. Wa tatu anakukumbatia, kwapa lote liko shingoni mwako. Haya mambo nimeyaona tangu utoto na mpaka leo yananitia kinyaa. Mnaweza kupiga simu kunitukana, namba ya studio mnayo.

Zhelyo hakuwatukana watu. Alikula kabla ya kupanda jukwaani, kwa uma. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akilishwa, alilidaka pande kwa meno bila kuligusa kwa midomo, na aliinama pembeni ili mafuta yadondoke sakafuni, yasidondoke kwenye nyuzi. Watu walidhani anainama kwa heshima. Heshima gani! Alikuwa anaokoa besi. Wimbo ukiisha, anatoa kitambaa mfuko wa nyuma, anafuta uzi mmoja mmoja, juu na chini yake, mpaka kwenye shingo ya gitaa.

Kufuta hakutoshi lakini. Uzi wa besi si waya mtupu. Ndani kuna waya, na juu yake umezungushiwa waya mwingine mwembamba, duru kwa duru. Jasho na mafuta yanaingia katikati ya zile duru, yanaganda, na uzi unakufa sauti. Hauvumi tena. Unasema dub, dub, kama mtu anayepiga godoro. Hapo dawa ni kuzifungua nyuzi na kuziloweka kwenye spiriti. Na ikishindikana kabisa, kuzichemsha. Kuchemsha kulikuwa hatua ya mwisho kwa Zhelyo, kwa sababu kila ukifungua uzi na kuufunga tena, chuma kinakunjwa palepale kwenye ufunguo wa kukazia, na chuma kinachoka.

Niliwahi kuingia jikoni kwao asubuhi ya Jumatatu moja, nimebeba mashine ya kurekodia, na nikamkuta anachemsha. Nikachungulia sufuriani. Laiti nisingechungulia. Juu palielea utando wa mafuta wenye rangirangi. Chini yake maji yalikuwa ya kijivu, kama maji ya kudekia baa. Ndani yanazunguka vipande vidogovidogo vyeusi. Nikamuuliza ni nini vile.

"Ni mimi huyo, Yordanka," akanijibu, wala hakucheka. "Ngozi ya vidole vyangu. Na jasho langu. Na kondoo wa watu."

Nikatoka uani kupunga hewa. Mkewe, Vasilka, akanifuata na glasi ya maji. "Unaona ninavyoishi?" akaniambia. "Sufuria ile nimeipaka rangi nyekundu kwenye mkono, mtu asije akanipikia maharage humo. Na bado mama mkwe aliwahi kuishika. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja na ndoo, wakidhani nyumba inaungua!"

Alilalamika hivyo, lakini ni yeye aliyekausha zile nyuzi. Alizitandaza juu ya kitambaa karibu na jiko, zisibaki na unyevu ndani zikashika kutu. Aliziangalia kama mtu anavyoangalia mkate usiungue.

Sasa tunafika kwenye harusi yenyewe. Ilikuwa kiangazi cha mwaka themanini na saba, kijiji cha jirani. Sitataja ya nani, maharusi wenyewe hawakukosa kitu. Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye mduara wa wachezaji, nimeshikana mikono na watu nisiowajua, mikono inateleza kwa jasho. Msimamizi wa harusi akampa Asparuh paja zima la kondoo, kama kiongozi wa bendi. Asparuh alikuwa amekunywa. Bendi inaendelea, yeye amekwapua kipaza sauti, paja liko mkono wa pili, anamwendea Zhelyo.

"Fungua mdomo, bibi harusi!" akasema, na spika zikaipeleka sauti uwanja mzima.

"Nimeshakula, Asparuh. Niache nipige."

"Jamani mmemsikia? Mtoto wa mchinjaji anaogopa nyama!"

Watu wakacheka. Zhelyo akageuza uso, vidole bado vinapiga.

"Asipokula yeye, itakula besi yake!"

Na akalipitisha lile paja juu ya nyuzi. Alianza kwenye shingo ya gitaa, akashuka mpaka chini, akarudi juu tena. Alikandamiza, vile tunavyosugua kitunguu saumu kwenye mkate wa kuchoma. Mafuta yalikuwa yameshaanza kuganda, meupe, mazito. Yalibaki kwenye nyuzi kwa mabonge. Bonge moja liliteleza likatua kwenye kidole cha Zhelyo, likakaa pale.

Na watu, wasikilizaji wapendwa, walipiga makofi. Watu wazima. Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa mikono ileile yenye mafuta. Yule kiongozi wa bendi, aliyeifuta klarineti yake kwa kitambaa cha hariri, ambaye mtu akiipulizia tu alimfukuza, huyohuyo ndiye aliyempaka mwenzake uchafu, tena mbele za watu. Miaka yote hii na bado nikilitaja jambo hili nataka kutema.

Zhelyo akaacha kupiga. Besi ikikatika katikati ya ngoma ya mbio, miguu haijui iende wapi. Mbele yangu mama mmoja akamkanyaga mumewe, mduara ukafumuka. Zhelyo akachomoa waya wa spika. Akaondoka kwa miguu, barabara yote mpaka mjini, amelishikilia gitaa mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba mtoto aliyejinyea.

Asubuhi yake akaanza kuziosha. Alizifuta, akaziloweka kwenye spiriti. Dub, dub. Akazifungua, akazichemsha kwa sabuni. Nyuzi tatu nyembamba zikarudi kuvuma. Ule mnene haukurudi, maana ndio ulionyonya mafuta zaidi. Akaufungua tena, akauchemsha kwa magadi. Akaufunga. Dub. Akaufungua tena.

Vasilka ndiye aliyenisimulia kilichofuata. "Nikamwambia, Zhelyo, uache, utaukata. Hanisikii. Anauchemsha, ananusa, anasema bado unanuka kondoo. Mimi nilinusa, haukunuka chochote! Alikuwa anaufunga mara ya tatu au ya nne, ukakatika palepale kwenye ufunguo. Alikaa kwenye kigoda ameshika vipande viwili. Akaniambia, 'Vasilka, nimeupika mpaka nimeuua.'"

Na siku ileile alimwambia neno jingine, ambalo Vasilka amelibeba mpaka leo. Alimwambia, "Angenipaka mimi usoni, ningenawa. Ningerudi nikapiga naye kesho yake."

Basi Zhelyo aliacha bendi. Alifunga waya wa piano mahali pa ule uzi mnene, akawa anapigia kikundi cha ngoma cha nyumba ya utamaduni, ambako hakuna anayekulisha. Yeye na Asparuh hawakusemeshana tena. Nyumba ya kwanza na nyumba ya tatu. Walikutana kwa muuza mkate, mmoja anatazama mikate, mwingine anatazama dari. Mnawakumbuka. Mlikuwa mnawacheka.

Mtaniuliza, je, Jumapili ya kusameheana? Kila mwaka kabla ya mfungo wa Pasaka tunayo Jumapili hiyo. Mdogo anakwenda kwa mkubwa, anambusu mkono, anasema nisamehe, na mkubwa anajibu umesamehewa. Ndiyo, tunayo. Na nani alikuwa mdogo? Zhelyo. Kwa miezi michache. Aliyekosewa ndiye aliyepaswa kwenda kubusu mkono. Tena mkono ule!

Kila Jumapili hiyo Asparuh aliacha lango wazi, akakaa uani amevaa koti la kanisani, anamngoja mdogo wake aje kuomba msamaha. Nilimuuliza siku moja kwa nini yeye asiende. Akanitazama kama nimemwomba avue suruali.

"Mimi ndiye mkubwa, dada," akasema. "Desturi nimeikuta. Nikienda mimi, dunia si itageuka juu chini?"

"Lakini wewe ndiye uliyempaka besi mafuta."

"Najua nilichopaka. Aje, nitamsamehe."

Atamsamehe! Nilitamani nimmwagie kahawa yangu. Nikakumbuka kikombe ni cha mkewe.

Siku zikabadilika, serikali ikabadilika, nyuzi zikaanza kuuzwa madukani. Mwaka mmoja Asparuh alikwenda Plovdiv akanunua nyuzi nne mpya, nzuri, za bei. Jumapili ya kusameheana ilipofika hakwenda mwenyewe, hilo hapana. Alitembea mpaka langoni kwa Zhelyo, akaitundika ile pakiti kwenye kitasa, akarudi nyumbani haraka. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kwake, nakiri. Mtu huyu alikuwa anaomba radhi kwa namna aliyoiweza.

Ila siku hiyo kila nyumba inakula banitsa, ule mkate wa jibini unaochuruzika siagi. Na Asparuh alikuwa ametoka mezani.

Zhelyo alifungua lango, akaiona pakiti. Vasilka alikuwa nyuma yake, amefurahi, maana alimwona Asparuh akiitundika. Zhelyo akaishika kwenye pembe, akaigeuza kwenye mwanga. Katikati ya karatasi palikuwa na alama ya dole gumba. Kubwa, ya njano, imeloa mpaka ndani.

"Nilimsihi," Vasilka aliniambia. "Nikamwambia, Zhelyo, ni siagi tu, tutaitupa karatasi. Akanijibu, 'Hajanawa, Vasilka. Amekuja kwangu na hajanawa.' Akaenda kuitundika kwenye lango la Asparuh."

Asparuh aliikuta pale asubuhi. Hakuwahi kuelewa kwa nini imerudi. Alidhani ni kiburi. Na mimi, ambaye nililijua jambo lote, nawaambia wazi: liliniuma, na bado lilinitia kinyaa. Mtu anabeba samahani yake njia nzima, na anashindwa kupita bombani?

Miaka mingine ikapita hivyohivyo. Zhelyo akaugua moyo majira ya kupukutika majani. Asparuh alikuwa anamuuliza muuza mkate hali yake, muuza mkate anamuuliza Vasilka, Vasilka anamjibu muuza mkate. Jumanne, Zhelyo akafariki.

Juzi, kabla ya kwenda makaburini, alilazwa chumba cha mbele nyumbani kwake, mishumaa kichwani, maua miguuni. Watu walipita mmoja mmoja, wanamgusa mkono, wanamuaga. Bi Donka alikaa upande mmoja, Vasilka upande wa pili. Vasilka alikuwa ameshatuambia asubuhi, "Yule wa mafuta asikanyage humu. Sitaki. Mikono yake isimguse."

Asparuh akaja. Ana fimbo siku hizi. Alisimama kwenye kizingiti, kofia mkononi. Alimtazama Zhelyo. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akatazama viganja. Akageuka, akatoka.

"Ameshindwa," mtu mmoja akanong'ona.

"Aende," akasema Vasilka.

Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Hakwenda. Aliiegemeza fimbo kwenye mzabibu, akainamia bomba la uani. Palikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia ya Vasilka. Akanawa. Akakunja mikono ya koti la kanisani, akanawa mpaka kwenye viwiko, maji ya baridi yale, Novemba. Akachukua kijiti cha kiberiti, akachokoa chini ya kucha, kucha moja moja. Akapaka sabuni tena. Watu waliokuja kuaga walimngoja langoni, hakuna aliyethubutu kumpita.

Alirudi bila fimbo, anayumba, mikono ameinyanyua mbele, inachuruzika. Hakugusa mlango. Alingoja tumfungulie. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Vasilka, akamnyooshea mikono, viganja juu, halafu chini. Mzee mzima, kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula. Vasilka aliitazama muda mrefu. Kisha akainuka, akachukua taulo safi kabatini.

"Jifute kwanza, shemeji," akamwambia. "Utamlowesha."

Asparuh akajifuta. Akaushika mkono wa Zhelyo, akainama akaubusu. Mkubwa akambusu mkono mdogo wake.

"Zhelyo," akasema, "nimenawa. Nisamehe."

Kwa desturi yetu mtu akiomba hivyo lazima ajibiwe. Na chumba kizima, naapa, kikangoja. Asparuh naye akangoja, ameinama vilevile, mpaka Bi Donka akaanza kulia kwa sauti.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa Vasilka. Pole kwa Bi Donka, aliyemzika mdogo wake. Pole kwa wapiga muziki wote wa wilaya hii. Na pole kwako, kaka Asparuh. Nimekusema vibaya leo na sifuti neno, lakini wewe pia ni mfiwa.

Ninyi mliobaki, mnajua wenyewe ni nyumba ya ngapi mnayoipita mkitazama upande wa pili. Sitawatajia. Nendeni. Naweni, halafu nendeni. Kama mkubwa ndiye aliyekosa, basi mkubwa aende, mwaka huu, yule mwingine akiwa bado anaweza kumjibu.